Soksi ya Binti Yangu na Nyigu wa Wilson

Kabla hujanicheka, elewa kwamba mimi si tajiri. Ninamiliki moja ya tano ya ndege. Ukiigawa sawasawa ile Cessna 150 yetu, viti viwili, kuukuu, fungu langu ni gurudumu la pua, nusu ya kiti cha kushoto na kipande cha mkia. Lakini kaeleze hayo Umoja ninakoishi. Siku hizi hata muuza mayai ananiita mkubwa, kisha ananiongezea shilingi tano.

Tulianza kama chama cha kawaida cha watu watano. Wenzetu walinunua ploti Kitengela. Sisi tukanunua ndege. Wake zetu hawajasahau.

Tatizo halikuwa kuinunua, wala mafuta. Mafuta angalau unajua yameenda wapi. Tatizo ni mahali pa kulala. Kodi ya hanga, yaani banda la kulaza ndege, huenda na nafasi ambayo ndege inakalia, na ndege hata iwe ndogo vipi imetanua mabawa kama kuku anayekinga vifaranga. Yetu ina kama mita 10 kutoka ncha hadi ncha. Chini ya mabawa hayo hakuna kitu, ni hewa, na hewa hiyo tulikuwa tunailipia kila mwisho wa mwezi. Wala haikuwa yetu peke yetu. Mabawa ya Cessna yako juu na ya Piper, ndege ndogo ya kampuni nyingine, yako chini, basi mwenye hanga aliingiza bawa la Piper ya watu chini ya bawa letu, akasukuma pua ya ndege ya tatu karibu na mkia wetu, akatupanga kama dagaa kwenye trei. Ukitaka kuruka Jumamosi, kwanza unavuta nje ndege za watu, polepole, kama mnaotoa kabati la mama mkwe mlangoni huku mwenyewe anawatazama.

Na kodi haiulizi kama umeruka. Kuna Aprili mvua ilinyesha tukabaki chini mwezi mzima, tukalipa. Bima, tukalipa. Ukaguzi wa mwaka, tukalipa. Siku niliyogundua kwamba kodi ya hanga imezidi kodi ya nyumba yangu ya vyumba viwili, nilikaa kitandani nikawaza: hiki chombo kinalala pazuri kunishinda, na hakina hata mtoto.

Tukaitisha mkutano. Mwenyekiti alijaribu kututia moyo, akasema Florence Kerr Wilson, yule mama ambaye uwanja wetu wa ndege wa Wilson hapa Nairobi umepewa jina lake, alianzisha kampuni yake mwaka 1929 akiwa na ndege moja tu. Mweka hazina akamuuliza kama alikuwa analipa hanga. Mweka hazina wetu ni mwalimu wa hesabu, hana mzaha na senti. Akasimama.

"Ndugu zangu, mmewahi kuona ndege akijengewa nyumba? Anayejengewa nyumba ni kuku. Sisi tulinunua ndege au tulinunua kuku?"

Tulipiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote, naungama.

Tukahamia nje, kwenye majani, kamba mbili mabawani na moja mkiani. Jua la Nairobi lisiharibu vioo, nikapeleka vipimo kwa fundi wa viti vya matatu kule Kariobangi atushonee turubai. Alishona vizuri, sikatai, ila kwa mazoea akaweka nyuzi nyekundu ukingoni na mfuko wa kondakta kuwekea pesa.

Kilichobaki ni kijibomba. Chini ya bawa la kushoto kuna kijibomba kinachotazama mbele, tundu lake halizidi mrija wa soda. Upepo ukiingia humo ndipo kipima-kasi kinapojua unakwenda kasi gani. Kikiziba, mshale unalala. Kuna kifuniko chake maalumu chenye utepe mwekundu, kinauzwa. Nikaona huo ni ubadhirifu. Nyumbani kulikuwa na soksi ya binti yangu ya rangi ya waridi, mtumba wa Gikomba, iliyopoteza mwenzake. Nikaivisha kijibomba, nikafunga na kipande cha utepe. Watano wote walisifu ubunifu wangu.

Basi mwaka huo baba mkwe akaja kutoka Machakos. Mzee huyu hakuwahi kuniamini tangu siku ya mahari, nikasema leo ndiyo leo. Nikamwahidi kumpitisha juu ya shamba lake alione kutoka angani. Naye akapiga simu nyumbani: saa nne asubuhi watu wote watoke nje na vitambaa vyeupe, wapunge.

Asubuhi hiyo alivaa suti ya kanisani na kofia. Nilizunguka ndege nikikagua, naye nyuma yangu, mikono mgongoni, kama anakagua ng'ombe mnadani. Nilichuja mafuta kidogo kwenye kichupa kuona kama yameingia maji. Nikapiga tairi teke. Nikavuta ile soksi.

"Hiyo ni ya nini, mwanangu?"

"Ni ya kuzuia wadudu, baba."

Akaichukua, akaingiza kidole chake kwenye ncha. Kikatokea upande wa pili. "Na hapa palipotoboka?"

"Hapo ni padogo tu, baba."

Hakusema neno. Kumbuka mzee huyu ni Mkamba, amefuga nyuki miaka mingi, mdudu na tundu ndiyo kazi yake. Akakunja soksi vizuri, akaitia mfukoni.

Tukatambaa hadi karibu na njia ya kurukia, tukaambiwa tusubiri. Mbele yetu kulikuwa na foleni, nyuma yetu Caravan, ndege ya abiria kubwa kuliko yetu, imejaa watalii. Kajichumba ka Cessna 150 kakiwa na wanaume wawili wazima, mabega yanagusana, ni joto la jikoni. Mzee akaanza kutoka jasho. Nikamwambia kuna kitundu cha hewa pale juu karibu na kichwa chake, nikanyosha mkono, nikakivuta.

Haikuja hewa. Ulikuja udongo. Kwanza vumbi, kisha bonge zima kama kipande cha ukuta wa nyumba ya matope, likapasukia kwenye suti ya kanisani. Halafu, polepole, bila haraka yoyote, akatoka nyigu. Mweusi, kiuno kama uzi. Akatembea kwenye ukingo wa kitundu, akatutazama, akatua juu ya kofia ya mzee.

Mimi nilipiga kelele ambayo siwezi kuiandika. Mzee alivua kofia taratibu, akafungua kidirisha cha upande wake, akamkung'uta nje.

"Huyu hakuingia jana," akasema. "Huyu ana familia."

Mtu mwenye akili angejiuliza hapo hapo: kama nyigu amejenga kwenye kitundu cha hewa, amejenga wapi kwingine? Lakini mnara wa kuongozea ndege ukatuita, na ile Caravan ya kwenda Mara ilikuwa inaning'inia kisogoni. Nikasukuma mkono wa mafuta hadi mwisho.

Wilson iko karibu mita 1,690 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, injini ya 150 ni ndogo, na mzee si mwembamba. Kwa hiyo sikushangaa tulipochelewa kupata mwendo. Majani yakaanza kupita mbio. Nikatazama kipima-kasi. Sifuri. Nikakigonga kwa kidole. Sifuri. Nje tunakimbia, ndani tumeegeshwa.

Nikakata mafuta, nikakanyaga breki, nikauambia mnara kwa sauti ya mtu mzima kwamba tunaahirisha. Tukatoka pembeni. Ile Caravan ikapita, madirisha yote yana sura zinazotutazama.

Mzee akafungua mkanda. "Kumbe si mbali."

Fundi wa ndege alikuja na waya mwembamba. Alichokoa matope kwa muda mrefu, kijibomba kilikuwa kimejaa hadi ndani, na ndani yake kulikuwa na buibui waliopoozwa, akiba ya watoto wa nyigu. Ikabidi afungue mpaka mrija wa bawani, kisha kila kitu kipimwe upya. Alipotaja bei, mweka hazina aliyekuwa kwenye simu alikohoa tu. Mwenye hanga naye akatokea, kijiti cha meno mdomoni. Nafasi yetu bado ipo, alisema, ila Piper moja imeiulizia, kwa hiyo bei imesogea kidogo.

Tukiwa bado tumesimama kwenye majani, simu ya mzee ikalia. Ni mama mkwe. Sauti yake ilisikika hadi mkiani.

"Tumewaona! Tumewaona! Mmepita juu sana, lakini tumewapungia! Watoto wamelia!"

Sijui ni ndege gani ya watu iliyopita Machakos saa nne. Mzee alinitazama. Akatazama nyigu wa pili aliyekuwa akizunguka bawa anatafuta nyumba yake.

"Ndiyo, mama," akasema. "Hata sisi tuliwaona. Wewe ulikuwa na leso."

Akakata simu, akafuta udongo kwenye suti kwa soksi ya mjukuu wake.

"Hiyo hanga ni pesa ngapi kwa mwezi?"

Nikamwambia. Akanyamaza kidogo, midomo ikicheza, akizigeuza kuwa mbuzi.

"Lipeni," akasema. "Na Krismasi nitawaambia uliinamisha bawa."