Hodi Hubishwa Mara Tatu

Ijumaa iliyopita, baada ya swala, nilipita Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, kumjulia hali halati yangu, dadake mamangu. Nilimkuta kibarazani, simu mkononi, amekunja uso. "Mwanangu, hebu itazame hii. Kila nikitaka kujua Magharibi ni saa ngapi, kwanza yaniuliza maswali."

Niliichukua. Skrini ilikuwa na sentensi tatu za Kiingereza. Chini yake palikuwa na kitufe kipana cha kijani cha kukubali, na chini kabisa, kwa maandishi ya kijivu yaliyofifia, ndipo palipokuwa na neno la kukataa. Halati ana miaka sitini na minane. Anasoma Kiswahili, anasoma Kurani, lakini Kiingereza hakusomeshwa. Alikuwa akibonyeza kijani kwa miezi. "Mimi nilijua ndiyo ya kufungulia," aliniambia.

Nikaingia kwenye mipangilio. Programu ya saa za swala ilikuwa imeruhusiwa kujua alipo usiku na mchana, hata ikiwa imefungwa. Ilikuwa imeruhusiwa kusoma majina na namba zote alizohifadhi, na kutazama picha zake, zikiwemo za harusi ya binti yake, za wanawake peke yao, picha ambazo mimi mwenyewe sijawahi kuonyeshwa wala sitarajii kuonyeshwa.

Nina hasira tangu siku hiyo.

Saa za swala ni hesabu ya jua. Ukijua tarehe na ukijua uko wapi duniani, umemaliza. Mombasa iko nyuzi 4 kusini ya Ikweta na karibu nyuzi 40 mashariki, na haijahama. Kwa kuwa tuko karibu na Ikweta, Magharibi yetu husogea kwa takriban nusu saa tu mwaka mzima. Simu ya bei rahisi kabisa yaweza kuikokotoa hesabu hiyo bila bando na bila intaneti. Msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, wa kufanyia kazi hiyo uko wazi, uko unaoitwa Adhan, na yeyote anaweza kuuchukua, kuusoma na kuutumia. Hakuna mahali popote katika hesabu hiyo panapohitajika namba ya simu ya mamangu, ambayo imo kwenye simu ya dadake.

Msinijibu kwamba halati ni mwanamke wa Mji wa Kale tu, nani atamtafuta. Mwaka 2020 waandishi wa Motherboard, jarida la teknolojia la mtandaoni, walifichua kwamba Muslim Pro, programu iliyokuwa imepakuliwa na mamilioni ya Waislamu, ilikuwa ikipeleka habari za mahali walipo watumiaji kwa kampuni ya X-Mode, na X-Mode ikiziuza kwa wakandarasi, na kupitia kwao zikafika kwa jeshi la Marekani. Muslim Pro ilitangaza kuukata uhusiano huo. Ya halati ni programu nyingine na sijui data zake huenda wapi, na hilo ndilo linaloniuma: msimbo wake umefungwa, siwezi kuufungua nikatazama. Naambiwa niamini tu. Sisi watu wa Pwani tunajua vizuri kuandikwa kwenye orodha tusizoziona kunavyokuwa.

Nyumba aliyoketi halati ilijengwa na watu waliolielewa jambo hili. Mgeni husimama dakani... la, siku hizi wengi hatuna hata daka, lakini nyumba ile inalo, na ndipo mpita njia hukaribishwa kuketi. Akiruhusiwa, huingia sebuleni. Ndani ni kwa wa ndani. Na mlango wa kuingilia haukupangwa sawasawa na wa pili, ili ukifunguliwa, aliye njiani asione ua. Fundi aliyejenga vile hakuandika kanuni ya faragha ya kurasa arobaini. Aliuweka mlango mahali pake, basi. Kiolesura, yaani sura ya programu kwenye skrini, ni kazi hiyohiyo. Anayeamua kitufe gani kiwe kikubwa na kipi kififie ndiye anayeamua nani aone ndani ya nyumba ya mtu.

Tena sisi tumelelewa na hodi. Hubishwa mara tatu. Usipoitikiwa, unaondoka, na hununi. Hata Android imejifunza adabu hii: tangu toleo la 11, mwaka 2020, ukiikatalia programu ruhusa fulani zaidi ya mara moja, mfumo hauiruhusu kukuletea tena swali lile. Programu ya halati ikatafuta dirisha. Inachora skrini yake yenyewe, ya kijani, na kumrudishia kila siku mpaka achoke. Huko si kubisha hodi, ni kusukuma mlango.

Sheria tunayo. Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya inalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa iwe ya wazi, ya hiari, na ya mtu aliyeelewa anachokiridhia. Sentensi tatu za Kiingereza mbele ya mtu asiyesoma Kiingereza hazizai ridhaa. Nimeandika malalamiko na nitayapeleka kwa Kamishna wa Data.

Sasa nije kwa wenzangu, sisi watu wa programu huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi, maana hasira yangu kubwa zaidi ni kwao, na mimi nimo.

Siku ileile niliifuta programu ile na kumwekea nyingine, huria, kutoka F-Droid, duka la programu za namna hiyo. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyeleta dawa. Haina matangazo, haiombi namba wala picha, msimbo wake nimeusoma. Halati akaifungua. Kitu cha kwanza kumuuliza, kwa Kiingereza, kilikuwa achague njia ya kukokotoa: Muslim World League, Umm al-Qura, ISNA. Kisha nyuzi za jua za Alfajiri. Kisha longitudo. Aliitazama kwa adabu, kwa sababu mimi ndiye niliyeileta, akanirudishia simu. "Hii ni ya wasomi, mwanangu. Nirudishie yangu."

Nilikosa la kusema. Ilinibidi nikubali, na nakubali kwa uchungu, kwamba wale waliomvizia walimfikiria kuliko sisi. Walijua jicho lake litatua wapi. Walijua atakuwa amesimama, miwani iko ndani, azan iko karibu. Maarifa hayo waliyatumia vibaya, lakini wanayo. Sisi tunajivunia msimbo safi na uhuru wa mtumiaji, halafu tunamwachia mtumiaji mwenyewe kazi ambayo ni yetu. Nikilalamika naambiwa msimbo uko wazi, tengeneza mwenyewe. Halati atengeneze?

Na haiwezi kuwa kwamba haiwezekani. Nenda duka lolote la kujazia filamu kwenye flashi, Mwembe Tayari au Kongowea, utaikuta ile koni ya rangi ya chungwa. VLC ilianza kama mradi wa wanafunzi wa Paris mwaka 1996, ni programu huria, haina matangazo wala haimpelelezi mtu, na vijana wa Mombasa wanaitumia bila hata kujua neno huria. Waliipenda kwa sababu ukiifungua inacheza. Haikuulizi kodeki gani, yaani njia gani ya kuisoma filamu.

Basi Jumamosi na Jumapili nimekaa na ile programu ya F-Droid. Maneno yake yako kwenye Weblate, tovuti ya kutafsiria programu, kwa hiyo kuyatia Kiswahili hakukuhitaji ruhusa ya mtu. Nilitafsiri yote. Mengine yalinichelewesha: kuna Kiswahili cha kamusi ambacho halati angekitazama kama alivyokitazama kile Kiingereza, kwa hiyo nilimpigia simu mara nne kumuuliza angeliitaje jambo fulani. Kwa skrini ya kwanza, tafsiri haikutosha. Niliifuta. Sasa inauliza swali moja tu, uko mji gani, na Mombasa imo kwenye orodha. Njia ya kukokotoa inachaguliwa kimyakimya kulingana na nchi, na anayetaka kuibadilisha ataikuta kwenye mipangilio. Wenye mradi wamejibu kwamba wangependa ile skrini ya zamani ibaki, kwa kuwa watumiaji wao wameizoea. Nimewaandikia tena, kwa urefu, nikawaeleza habari za halati.

Mpaka watakapoamua, nimeijenga nakala yangu. Ijumaa nairudisha Kibokoni. Nitampa simu ikiwa imezimwa, nikae pembeni, nisiseme neno. Akishindwa kuiona Magharibi mwenyewe, nitarudi nayo nyumbani nikaanze upya.