Shela la harusi: lipia usafi, usilipie sanduku

Harusi za Kusini hufuata fedha za korosho. Minada ikishaanza Oktoba, kumbi za Mtwara, Masasi na Lindi hazina nafasi mwisho wa wiki. Shughuli ikiisha linabaki swali ambalo kamati haikuliwekea bajeti: shela lililonunuliwa kwa pesa nyingi lipelekwe Dar es Salaam kwa dobi wa drai klina na kufungwa kwenye sanduku maalumu, kama wanavyofanya Marekani na Uingereza, au lifuliwe nyumbani na kutundikwa kabatini?

Wanaotetea dobi wanasema shela ni kumbukumbu, na kumbukumbu isiyotunzwa hugeuka njano. Wanaopinga wanauliza nani atalivaa tena. Mdogo wake bibi harusi ana umbo lingine, na binti atakayezaliwa atataka mtindo wa wakati wake. Zote ni hoja nzito. Ila mabishano mengi yanachanganya huduma mbili zinazouzwa kwa bei moja, yaani kusafisha na kuhifadhi. Kusafisha ni kemia, na kemia ni ile ile Newala au London. Kuhifadhi ni suala la hewa, na hewa ya Mtwara haifanani na ya London hata kidogo.

Tuanze na usafi, maana hapo watetezi wa dobi wana haki zaidi.

Tope la pindo kila mtu analiona. Kinacholiharibu shela kwa kweli ni kile kisichoonekana usiku ule: soda nyeupe, shampeni, maji ya dafu, jasho. Vikikauka havina rangi, lakini sukari inabaki kwenye nyuzi, na kwa hewa na joto inageuka kahawia miezi kadhaa baadaye. Jasho lililochanganyika na losheni, liwa na mafuta ya kunukia hufanya hivyo hivyo kwapani na kiunoni. Doa la sukari la wiki mbili hutoka kwa maji na sabuni laini. La miaka miwili limeshashikana na nyuzi, na dawa ya kulitoa inaweza kuondoka na kitambaa. Kwa hiyo muda una uzito kuliko bei: shela lisafishwe ndani ya wiki chache, hata kama uamuzi wa kulihifadhi au kuliuza bado haujafanyika.

Lakini drai klina si dawa ya kila kitu, na hapa watetezi wake huruka hatua. Mashine ile haitumii maji. Hutumia kiyeyusho, mara nyingi perkloroethilini, inayoitwa perki kwa kifupi. Kiyeyusho huondoa mafuta: fandesheni, rangi ya mdomo, grisi ya mlango wa gari, malai ya keki. Sukari hakiigusi, kwa sababu sukari huyeyuka kwenye maji. Dobi anayelitumbukiza tu shela mashinani atalirudisha jeupe, linanukia usafi, na soda ikiwa bado humo ikisubiri kugeuka rangi. Anayejua kazi hukagua kwanza kwenye mwanga, akatibu kwa mkono madoa yanayotoka kwa maji, ndipo akawasha mashine.

Perki ina matatizo mengine. Hulegeza gundi, na baadhi ya shanga za plastiki hulainika au kupoteza mng'aro. Geuza kitambaa upande wa ndani: palipo na uzi, shanga imeshonwa, pasipo na uzi, imegandishwa, na shela la namna hiyo halifai kuingia kwenye perki kabla ya kujaribu shanga moja iliyo mahali pa siri. Marekani, mamlaka ya mazingira ilitoa kanuni Desemba 2024 ya kuiondoa perki kwenye drai klina hatua kwa hatua ndani ya miaka 10, kwa sababu za afya. Shela likirudi na harufu kali, livuliwe mfuko na kupigwa upepo kivulini siku nzima kabla ya kuingia chumbani.

Je, kila shela linahitaji safari hiyo? Hapana, na jibu liko kwenye kitambaa. Chomoa uzi mmoja ndani ya mshono, uuchome kwa kiberiti juu ya sahani. Ukinuka nywele zilizoungua na majivu yakasagika kidoleni, ni hariri. Ukinuka karatasi, ni pamba au reyoni. Ukiyeyuka na kuacha kidonge kigumu, kwa kawaida ni poliesta, na mashela mengi ya madukani, yawe ya satini, organza au neti, ni poliesta. Hariri, lesi ya kizamani na shela lenye koseti ya vijiti vya chuma yaende kwa mtaalamu. Poliesta yenye shanga za kushonwa inaweza kufuliwa nyumbani vizuri kuliko inavyofuliwa na dobi mwenye haraka.

Kazi yenyewe inahitaji watu wawili na diaba kubwa ya lita 60 au zaidi. Pindo lenye udongo mwekundu wa Masasi au Newala lisiloweshwe kwanza. Liache likauke kabisa, likung'utwe, kisha lipigwe brashi laini, kwani udongo ukikutana na maji kabla ya hapo huzama kwenye nyuzi. Maji yawe vuguvugu, yasifike joto la mwili. Tia shampuu ya watoto, kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita 20. Loweka nusu saa, bonyeza kwa viganja, usifikiche wala kukamua. Suuza mpaka povu liishe, kwa kawaida mara tatu, na maji ya mwisho yawe ya mvua au ya kuchujwa kama kisima chenu kina chumvi, maana chumvi na chokaa hubaki kama vumbi la kijivu kwenye neti. Kulitoa, pitisha shuka chini yake mkalinyanyue wote wawili. Shela lililojaa maji likiinuliwa kwa mabega hupasuka kwenye mishono ya mikono. Litandazwe kivulini juu ya shuka. Pasi isiiguse neti hata kwa dakika moja, kwa sababu poliesta huyeyuka. Mvuke kwa umbali wa kiganja unatosha.

Yapo madoa ya huku kwetu ambayo dobi wa Dar huenda asiyatambue, na ni wajibu wa mwenye shela kuyataja. Maji ya mabibo ni mojawapo, na harusi nyingi huangukia msimu wake. Sabuni ya mche hulikaza doa hilo badala ya kulitoa. Anza na maji baridi, kisha siki nyeupe sehemu moja kwa maji sehemu mbili, na hata hivyo usiahidi kitu: mara nyingi hubaki kivuli. Hina hung'ang'ania hariri kama inavyong'ang'ania ngozi na nywele, kwa sababu zote ni protini. Kwenye poliesta hushika kidogo tu. Weusi wa piko usiguswe nyumbani. Jiki ni adui wa wote. Huigeuza hariri njano na kuidhoofisha, na wekundu wa udongo, ambao ni kutu ya chuma, hauutoi kamwe. Kwa poliesta peke yake, maji ya ndimu kwa dakika 10 kisha kusuuza sana hufanya kazi nzuri zaidi.

Sasa sanduku, na hapa tunahama upande.

Huduma inayotangazwa na wasafishaji wa ng'ambo huja na boksi la karatasi isiyo na asidi, karatasi laini za kukunjia, kidirisha cha plastiki na kifungo cha gundi. Wengi wao huandika kwamba dhamana inakufa kifungo kikivunjwa. Karatasi isiyo na asidi ni kitu kizuri kweli, kwa kuwa karatasi ya kawaida, hasa magazeti na boksi za dukani, huacha alama za njano. Tatizo ni kifungo. Ukungu huanza kuota unyevu wa hewa unapokaa juu ya asilimia 65 hadi 70 kwa muda. Mtwara na Lindi, hasa kuanzia Desemba hadi Aprili, unyevu hukaa juu ya hapo siku baada ya siku. Boksi lililofungwa Dar es Salaam mwezi wa Machi limefungiwa hewa ya Machi ndani yake, na karatasi hupitisha unyevu polepole hata likiwa limefungwa. Mwenye shela hawezi kuchungulia bila kupoteza dhamana, kwa hiyo atauona ukungu baada ya miaka kumi. Na huku Kusini boksi la karatasi lina mteja mwingine asiyetajwa kwenye matangazo: mchwa.

Wapinzani wa dobi wakisikia haya hushangilia, halafu wanalitundika shela kabatini ndani ya mfuko wa nailoni. Huko nako ni kuliharibu kwa njia nyingine. Mfuko hushika jasho la hewa, na kemikali zilizomo kwenye plastiki yake, zikikutana na moshi wa magari au wa jiko la gesi, huacha unjano hata kwenye nguo safi. Shela zito la shanga likining'inia kwa mabega hurefuka upande mmoja. Sanduku la bati hutoa jasho ndani na kushika kutu. Naftalini, vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo, ni tatizo kubwa zaidi: mvuke wake hulainisha vipambo vya plastiki, na kwa mtoto mchanga mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali inayopatikana sana katika maeneo ya malaria, unaweza kuvunja chembe nyekundu za damu. Isitoshe nondo hula hariri na sufu; poliesta hawaitaki. Kulifukiza shela udi kabla ya kulikunja kunapendeza pua, lakini moshi ni mafuta na lami laini. Fukiza chumba, shela likiwa nje.

Njia inayofaa pwani hii iko katikati, na haihitaji kifungo cha mtu. Tumia kontena la plastiki lenye mfuniko wa kubana; chini yake tafuta pembetatu yenye namba 5 au 2. Namba 3 ni PVC, hutoa asidi, iache dukani. Ondoa pini zote, na vikombe vya sponji kifuani vifumuliwe vitolewe: sponji hiyo huvunjwa na unyevu na joto, ikawa unga wa njano unaonata, na hakuna dobi anayeweza kuutoa. Vifungo na kulabu za chuma vifunikwe kitambaa. Kunja shela kwa mikunjo michache, kila mkunjo ukijazwa kitambaa cha pamba kilichofuliwa mara kadhaa bila wanga. Wengine hununua bafta, nayo inafaa kabisa, ila kuna bibi atakayekataa kuona nguo ya harusi ikizungushiwa kitambaa kinachokatwa sanda. Shuka kuukuu la pamba hufanya kazi ile ile bila ugomvi. Weka silika jeli, yaani punje za kunyonya unyevu, kati ya nusu kilo na kilo moja. Vipakiti vya kwenye viatu havitoshi. Chagua ile inayobadilika rangi ikishiba unyevu, uikaushe kwenye oveni kwa nyuzi joto 110 hadi 120 kwa saa mbili na kuirudisha. Tia na kipima unyevu kidogo, ukilenga chini ya asilimia 60. Siku ya kufunga iwe ya kiangazi, Julai hadi Septemba, alasiri jua likiwa limekausha hewa. Kila mwaka wakati huo huo fungua, kagua, kunja upya mahali pengine, kwani mkunjo ukikaa pale pale miaka mingi nyuzi hukatika.

Hiyo ni kazi ya kila mwaka, na hapo hoja ya wapinzani inarudi na nguvu. Kama hakuna atakayeifanya, kuhifadhi ni kujidanganya, na ni bora shela liuzwe likiwa bado na thamani. Saluni za maharusi hununua lililo safi lisilopitwa na mtindo. Kuazimisha kwa kodi ni biashara nzuri, lakini kila kodi ni usafi mwingine, pindo hukatwa na kushonwa upya, na shela huchoka haraka. Haliwezi kuwa duka na kumbukumbu kwa wakati mmoja. Katika familia za Kikatoliki ipo njia ya tatu tunayoipenda kuliko zote: sehemu ya chini ya shela ina kitambaa cha kutosha gauni la komunyo ya kwanza, na veli inatoa ya mtoto. Fundi akate kutoka mkiani, ambako kitambaa hakijaguswa na jasho, na akate baada ya kusafisha, kwa sababu madoa ya sukari yakiachwa yatajitokeza kanisani.

Kwa shela la hariri au lenye kazi ya mkono, ambalo kwa kweli linastahili dobi, kilichobaki ni safari. Ni zaidi ya kilomita 500 kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam, na barabara yenyewe haina uhakika wakati wa mvua. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, mawasiliano yalikatika upande wa Kilwa. Lisipakiwe buti la basi ndani ya mfuko wa sandarusi. Liwe ndani ya kontena lile lile la plastiki, lifungwe kamba, na alibebe mtu anayesafiri. Piga picha kila doa mchana, uliwekee alama kwa uzi wa rangi badala ya kalamu. Uliza kabla ya kuacha nguo: dawa gani inatumika, shela linaingia mashinani peke yake au na suti za watu, nani anatibu madoa ya sukari na kwa kutumia kitu gani, na likiharibika fidia ni bei ya shela au bei ya kufua. Majibu yaandikwe kwenye risiti. Ukiuliza kuhusu soda na ukajibiwa "mashine itatoa", beba shela lako ukatafute dobi mwingine.