Damu ya Pweza, Chupa Mia Tano

Sayansi niliiacha kidato cha pili, nayo haikunililia. Kwa hiyo mwalimu mmoja wa chuo kikuu alipokuja Lamu kutafiti damu za wanyama na kuulizia kijana wa kumzungusha mjini, kilichonipeleka kwake ni njaa tu.

Kazi yenyewe tamu. Kila chupa ya damu, shilingi 500. Chupa ndogo ya kifuniko cha zambarau, ndani imetiwa dawa damu isigande. Tulianza na punda, maana Lamu punda hatafutwi, wewe ndiye unayempisha njia. Mwalimu hakuwa mtu wa kunyamaza. Sindano mkononi, akanisimulia habari za Max Perutz, aliyeanza kuichunguza himoglobini, ile protini inayoipa damu wekundu wake, mwaka 1937, ya farasi hasa, hata akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1962. "Sisi farasi hatuna," akasema, "tuna binamu yake." Binamu akanikanyaga kidole gumba.

Usiku tunachungulia hadubini. Chembe nyekundu za punda ni duara, zimebonyea katikati kama kitumbua kilichoharibika. Za mbuzi, vijitu vidogo mno. Za ngamia, aliyetolewa damu ng'ambo ya Mokowe, ndefu kama kokwa ya tende. Zote zimejaa himoglobini, na ndani ya himoglobini mna chuma kinachoshika oksijeni. Hapo nilijiona daktari kamili.

Siku ya nne Mwalimu akawa na safari ya Pate. Akanionyesha pa kuchoma, akaniambia, "Jioni nikute damu ya pweza." Basi. Wala hakuniambia inafananaje, na mimi niulize nini? Damu ni damu.

Maji yalipokupwa nikamkuta mvuvi na pweza mzima, bado anajiviringa. Mkia mmoja ukanizunguka mkono hadi kwenye kiwiko, vile vinyonyeo vinashika na kuachia, tap, tap, kama mtu anayehesabu pesa zangu. Nikachoma, nikavuta, nikatia chupani, nikatikisa.

Buluu.

Si nyekundu iliyofifia, la. Buluu ya maji ya kusuuzia kanzu siku ya Alhamisi. Nikajua nimevuta wino, au bahari. Kugeuka nichome tena, pweza keshauzwa, yuko njiani kwenda kupikwa wa nazi. Ile buluu nikaimwaga karoni.

Nyumbani nikamkuta bibi kachinjisha kuku. Nikakimbilia na kikombe, nikakinga damu shingoni.

"Yeo damu," bibi akasema, "kesho ubani na chetezo?"

"Ya Mwalimu, bibi."

"Kwani huko chuoni kwao hawali nyama?"

Sikumjibu. Nilikuwa nabandika karatasi kwenye chupa na kuandika PWEZA kwa herufi kubwa. Mwizi mwenye hati nzuri.

Usiku Mwalimu akatia tone kwenye kioo, akachungulia. Akavua miwani. Akaifuta. Akachungulia tena, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, kimya.

"Pweza huyu umempata wapi?"

"Kwa mvuvi, Mwalimu. Mbichi kabisa."

"Njoo utazame."

Nikatazama. Chembe zenye umbo la yai, kila moja ina doa jeusi katikati, kama macho elfu yananikodolea mimi peke yangu.

"Hicho ni kiini," akasema taratibu. "Chembe nyekundu za punda, mbuzi, wewe na mimi, zikikomaa hazina kiini. Za ndege zinacho. Pweza hana chembe nyekundu hata moja. Yeye hubeba oksijeni kwa himosianini, ina shaba badala ya chuma, nayo huelea tu ndani ya damu. Ikipata hewa huwa buluu. Na hiyo buluu ndiyo niliyoitaka."

Nikalitazama dari. Boriti kumi na moja.

"Kulikuwa na buluu?" akauliza.

"Ilikuwepo."

"Iko wapi?"

"Karoni."

Akavaa miwani yake. "Sasa niambie ukweli. Huyu pweza wako alikuwa akiwika au akitaga?"

"Akitaga, Mwalimu," nikasema. "Ila tangu mwezi jana aliacha, ndiyo maana bibi akamchinjisha."