Mkanda angeufunga wapi?

Ndugu mwandishi, habari yako inasema fundi ujenzi aliyeanguka kutoka ghorofa ya tatu hakuvaa mkanda wa usalama, ikaishia hapo. Nimepiga plasta majengo ya Dar kwa miaka 11, naomba niulize: angeufunga wapi? Kwenye mrunda, ile miti ya kujengea jukwaa tunalosimamia? Mirunda ile imeshatumika saiti tatu nne, imeliwa na wadudu, na misumari inagongwa kwenye matundu yaleyale ya zamani. Ukianguka unashuka nayo. Mkanda unataka mahali imara pa kuufunga, kama nguzo ya zege au kamba ya chuma iliyokazwa na mtu anayejua, tena juu ya kichwa, siyo miguuni.

Na akishadakwa na mkanda, nani anamtoa? Hili halisemwi kabisa. Mtu akining'inia bila kutikisika, mikanda ya mapajani inazuia damu kurudi moyoni, na ndani ya dakika chache anaweza kuzimia. Lazima pawe na watu waliokwishafanya mazoezi ya kumshusha.

Mwaka 2016 saidia fundi wangu alikanyaga ubao wa jukwaa uliotokeza bila kufungwa, ukabinuka. Kiuno kinamsumbua mpaka leo. Mkandarasi alisema ni uzembe wa kijana, wakati Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inambana mwajiri. Misumari minne tu ingemwokoa yule kijana, jamani!

Ndugu mwandishi, rudi pale saiti ukapige picha ya jukwaa lenyewe kabla halijabomolewa.