Mdomo Mkavu kwa Mtu wa Sukari Si Kitu Kidogo

Kuna kitu kinaniuma sana na vile tunachukulia ugonjwa wa sukari hapa Nairobi. Mtu akienda kliniki anatobolewa kidole, anasomewa namba, anaambiwa aache soda, basi aitwe mwingine. Kwamba sukari inaharibu macho na figo, angalau watu wameshasikia. Lakini mama akisema mdomo umekauka hadi chapati haimezeki bila chai, jibu ni kunywa maji tu.

Maji ni sawa, juu sukari ikipanda unakojoa sana na mwili unakauka, na kuna dawa za presha pia zinakausha mdomo. Lakini saa zingine shida iko kwa tezi zenyewe. Tezi za mate, zile kubwa ziko mbele ya masikio, zinavuta maji kutoka kwa damu, na mtu mzima anatoa kama nusu lita hadi lita moja na nusu ya mate kwa siku. Damu hiyo inafika huko kwa mishipa myembamba kuliko unywele. Sasa sukari ikikaa juu miaka na miaka inanatana na protini za kuta za hiyo mishipa, ukuta unanenepa, njia inabana, oksijeni inapita kwa shida, alafu hata neva zinazoamsha tezi zinalishwa na mishipa midogo kama hiyo, kwa hivyo nazo zinalegea.

Mate yakipungua meno yanaoza haraka na ulimi unashika fangasi. Mtu ananunua peremende anyonye mdomo ulainike, na hapo ndo sukari inazidi kupanda! Afadhali chingamu isiyo na sukari. Fizi zikiugua pia, sukari inakuwa ngumu kushuka.

Miguu nayo ni hivyo hivyo. Neva za tezi za jasho zikiharibika kisigino kinakauka na kupasuka, na kama mguu umeshakufa ganzi husikii ule ufa mpaka uwe kidonda. Shangazi yangu wa Kayole alikuwa anasema ni vumbi tu.

Kwa maoni yangu kila kliniki ya sukari ingekuwa inaambia mgonjwa afungue mdomo na avue viatu, kila mara, hata kama namba ni nzuri. Haihitaji mashine. Ukimpeleka mzazi wako wasipoangalia, omba waangalie, na mpeleke kwa daktari wa meno pia umwambie huyu ana sukari.