Neno "wastani" linatuponza

Oktoba ikifika katikati, Tabora hakukaliki. Jua la utosi, vumbi jekundu, na kuanzia saa sita mchana kila kivuli cha mwembe kina watu wake. Ni mwezi huohuo Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotoa mwelekeo wa mvua za Msimu, zile za Novemba hadi Aprili. Huwa naungoja kama mzazi anavyongoja matokeo ya mtihani wa mwanawe. Redioni linasikika neno moja, wastani, na watu wanashusha pumzi na kurudi kwenye bao lao.

Neno hilo linatuponza, na nalisema nikiwa nimeona hasara yake.

Sisi tukisikia wastani tunaelewa mvua ya kutosha. Wataalamu wao wana hesabu yao. Wanachukua mvua za miaka mingi, kwa kawaida 30, wanapata wastani wake, halafu msimu wowote utakaoleta kati ya asilimia 75 na 125 ya kiasi hicho unaitwa wa wastani. Chukua eneo lililozoea milimita 900. Msimu ukileta milimita 680, ni wastani. Ukileta 1,120, nao ni wastani. Kwa mwenye shamba la mahindi, kati ya misimu hiyo miwili kuna tofauti ya kushiba na kukopa.

Na hapo hatujagusa jinsi mvua yenyewe inavyonyesha. Mjomba wangu analima mpunga mbugani, Nzega. Mwaka mmoja bwana shamba aliwaambia msimu ni wa wastani, wasiwe na hofu. Mvua za kwanza zikaja vizuri, majaruba yakashika maji, akapandikiza. Kisha likaja jua la siku 19 mfululizo. Nilipomtembelea Januari, ule udongo mweusi ulikuwa umepasuka, nyufa zinaingiza kiganja kizima, na miche imekauka ikikatika ukiigusa. Alikanyaga tuta, akanionyesha mstari mweupe wa tope kavu. "Mjomba, maji yalifika hapa." Hakuongeza neno. Machi mvua zilirudi kwa nguvu, zikajaza majaruba yasiyo na kitu ndani. Ukijumlisha maji yote ya mwaka ule, wala hayakuwa machache.

Sasa vuka uende Kigoma, ambako nafanya kazi. Tabora ni tambarare. Maji yakinyesha yanatuama mbugani, yanakusubiri. Huku ni milima. Unatoka Ziwa Tanganyika, mita kama 770 juu ya usawa wa bahari, unapanda kuelekea Manyovu au Heru Juu, na jioni unatafuta koti. Wanaolima maharage kwenye miteremko ile hawana jaruba la kukingia maji. Mvua kubwa ya saa moja inashuka na udongo wao mpaka bondeni. Kwao mvua za juu ya wastani si habari njema hata kidogo, ilhali yule wa mbugani angezishangilia.

Tena mkoa wenyewe una kalenda mbili. Kakonko na Kibondo, kaskazini, huwekwa kwenye kundi la Vuli na Masika pamoja na kanda ya Ziwa Victoria. Mkulima wa Kibondo akikaa kusubiri tangazo la Msimu, ameshachelewa kupanda.

Halafu kuna mwambao. Akina mama wanaoanika dagaa pale Katonga na Kibirizi wanachotaka kujua ni kama mchana wa leo utakuwa mkavu, kwa sababu dagaa aliyelowa kabla ya kukauka bei yake imekwisha. Ziwa Tanganyika lenyewe halisahau upesi: njia yake ya kutokea ni moja tu, mto Lukuga upande wa Kongo, kwa hiyo maji ya msimu mmoja mkubwa yanakutana na ya msimu uliotangulia. Mwaka 2021, na tena 2024, tuliyaona yakiingia kwenye nyumba za watu.

Siwalaumu wataalamu. Taarifa yao kamili inataja wiki ambazo mvua zinatarajiwa kuanza, wiki za kwisha, na maeneo yanayoweza kupata vipindi virefu vya ukavu. Kuna hata utabiri wa siku 10. Hayo yote yanapotea njiani. Mpaka habari imfikie mtu wa kijijini, imebaki lile neno moja, nalo ndilo lisilomsaidia.

Ninachotaka ni hiki: mtangazaji aanze na tarehe za mvua kuanza, kisha ukavu, na wastani aje mwisho kabisa. Bwana shamba afanye hivyohivyo mkutanoni, tena kwa wilaya yake, asisome mkoa mzima. Na kila shule ya msingi iwe na kipimamvua na daftari, watoto waandike kila saa tatu asubuhi. Mlima mmoja unaweza kunyeshewa na wa jirani usione tone, na hilo hakuna wa mjini atakayeliona.

Mjomba nilimnunulia kipimamvua cha plastiki, akakisimika kwenye nguzo pembeni ya majaruba, mbali na miti. Siku hizi ikinyesha usiku, asubuhi simu inaita kabla sijanywa chai. "Mjomba, ishirini na nne." Na mimi naandika.