Njia Nyepesi, Eti!

Mie nina ugomvi na neno "nyepesi". Fundi akikwambia kazi nyepesi, tayarisha pesa. Daktari akisema sindano nyepesi, shika kitanda. Na mtembezaji wageni wa msituni akikwambia, "Njia yetu nyepesi sana mzee, dakika 45 tu, hata mtoto anaimaliza," muulize kwanza: mtoto wa nani?

Aliyeanza ni mama Nassor. Jumamosi usiku kaja na hoja kwamba watoto wamekuwa wafungwa wa simu, wakiamka simu, wakilala simu. Nikamwambia simu yenyewe ni yangu, na wiki ya pili hii siishiki ila inapotaka chaji. Hakucheka. Kasema kesho tunakwenda msitu wa Jozani, hapahapa Unguja, watoto wakatembee, wakaone miti, wavute hewa. Nikauliza kwani hapa kwetu Mwanakwerekwe hakuna hewa? Nikatupiwa jicho. Basi.

Watoto wenyewe watatu: Nassor miaka 8, Zuhura 5, na Mudi 3 na ushei. Mudi ndiye aliyelishikia bango. Tangu aambiwe huko kuna kima, usingizi kwaheri. Saa tisa za usiku ananifunua shuka: "Baba, kumekucha?" Namwambia bado. Kimya kidogo. "Baba, na kima nao wamelala?"

Sasa njoo kwenye mzigo. Mtu wa kutembea dakika 45 anahitaji nini zaidi ya miguu? Mke wangu kafunga maji chupa tatu, mikate ya ufuta, bagia, mayai ya kuchemsha, suruali za akiba, kanga mbili, mwavuli na beseni. Ndiyo, beseni. Nikauliza la nini. Kanijibu, "Utaiona kazi yake."

Tukapanda daladala 309 ya Jambiani. Jozani ni kilomita 35 hivi kutoka mjini, lakini ukipakata watoto wawili kwenye kiti cha mtu mmoja zinakuwa mia. Konda kalipokonya beseni akalisukumiza chini ya kiti cha mwisho, kwenye miguu ya bibi mmoja na magunia yake. Tulipofika kwenye ile miembe mikubwa ya Bungi nikakohoa kidogo, nikataka kuwapa watoto kisa cha Bi Khole, binti wa Sultani Said anayesemekana ndiye aliyeipanda, maana mambo kama hayo ndiyo ya kuelezwa na baba. Nilipofungua mdomo tu, Zuhura katapika. Juu ya shati langu la Ijumaa. Mama Nassor hakusema neno. Kaangalia kule nyuma kwenye beseni, kisha kaniangalia mie, kisha kageukia dirishani.

Getini, alhamdulillahi, mwenyeji halipi kama mgeni. Tukapewa kijana wa kututembeza, mpole, mabuti mpaka magotini. Kaanza vizuri: hii ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2004, humu mna paa nunga, mna komba, mna vipepeo. Mie natikisa kichwa kama mtu aliyekuwa akijua. Tukaingia msituni, na kweli pazuri, siwezi kusema uongo. Kivuli kizito, baridi ya bure, miti imekwenda juu mpaka shingo inauma. Nikasema moyoni, leo nitapumzika.

Hatukufika hatua kumi. Mudi kachuchumaa. Jongoo. Mweusi, mnene kama kidole, anakata njia taratibu na hana miadi na mtu. Mudi akasema anataka kuona akifika upande wa pili. Nikamwambia twende, mbele kuna kima. Aa! Yule aliyeninyima usingizi usiku kucha kwa ajili ya kima sasa kasahau kima, kamvaa jongoo. Na jongoo miguu anayo tele, lakini haraka hana. Tukasimama. Mama Nassor ananiambia, "Baba Nassor, mwache mtoto ajifunze." Wakapita wazee wawili wa Kizungu na vifimbo vyao, wakatuamkia jambo. Wamekwenda, wamezunguka, wamerudi, sisi bado tuko kwa jongoo. Wakatuamkia tena.

Hapo ndipo Nassor alipomuuliza yule kijana, kwa sauti ya mahakamani, "Mjomba, na chui yupo wapi?" Bibi yake ndiye aliyemjaza. Kampigia hadithi ya chui wa kufugwa, wale wanaotumwa na wachawi usiku. Kijana akamweleza kwa upole kwamba zamani Unguja chui walikuwepo kweli, na kwa ajili ya hofu hiyohiyo ya uchawi watu wakawawinda sana, na wataalamu wengi wanaona wamekwisha. Maelezo mazuri kabisa. Lakini Zuhura kayasikia mawili tu, "chui" na "kweli". Kufumba na kufumbua yuko shingoni kwangu, kanikaba, hashuki. Njia ambayo hata mtoto anaimaliza, huyu kaimaliza juu ya mabega yangu na miguu yake haikugusa ardhi. Na beseni mkononi.

Mudi naye, jongoo alipovuka salama, akadai kuchoka. Alichofanya cha kuchosha sikijui. Mama yake kamfunga mgongoni kwa kanga, na dakika mbili hazikupita kalala fofofo, mate yanamtiririka.

Kima punju wenyewe tuliwakuta ng'ambo ya barabara, kwenye vichaka karibu na mashamba, kundi zima. Kijana akatupa masharti: msiwakaribie, msiwape chakula, na mwenye mafua akae mbali zaidi, maana huwaambukiza. Sote tukamgeukia Nassor, ambaye kamasi zake zina tarehe ya kuzaliwa. Akarudishwa nyuma hatua tano, akanuna.

Jamani, kima punju mzuri. Mgongo mwekundu, uso mweusi, na nywele nyeupe za utosini zimesimama kama mzee aliyeamshwa usingizini. Asili yake ni hapahapa Unguja. Kijana akatuonyesha mikono: hana dole gumba, limebaki kama kinundu tu. Nassor kule nyuma, na manuno yake, akapiga kelele, "Sasa anashikaje simu?" Mama yake akafumba macho.

Halafu likaja lile lililonimaliza. Kijana anasema hawa kima wanaokaa karibu na mashamba hula majani ya mikungu, ile miti ya kungu, na ya miembe, na majani hayo yana vitu vya kuwasumbua tumbo, kwa hiyo hutafuta makaa wakayatafuna ili yawatulize. Makaa! Mie napigana na bei ya gunia, kumbe kuna jamaa kakaa mtini anayatafuna kama kashata. Mama Nassor akanisogelea sikioni, "Unaona? Mnyama huyo anajua dawa ya tumbo lake. Wewe ukila pilau la harusini sahani tatu, dawa yako ni kulalamika." Sikujibu. Kima mmoja alikuwa akiniangalia kwa huruma.

Ya mikoko sitaisema sana. Kuna njia ya mbao juu ya matope, maji yanaingia na kutoka na bahari, mizizi imejipinda chini huko na kaa wanakimbizana. Kiatu kimoja cha Zuhura kikawafuata hao kaa na hakikurudi. Kijana anatutajia miti: huu mkoko, huu mkandaa, huu msinzi, ule kule mchu. Kwa njaa niliyokuwa nayo nikasikia "mchuzi", nikageuka haraka kuutazama.

Dakika 45 zikawa saa tatu kasorobo. Tukala mayai yetu nje ya geti, tukasimamisha daladala. Safari hii beseni nimelikumbatia mwenyewe, kifuani, konda kalitaka nikamwonyesha shati. Zuhura yuko macho makavu, hana hata dalili ya kichefuchefu, mguu mmoja na kiatu, mmoja bila. Gari ikaanza kuruka yale matuta waliyowekewa kima wasigongwe, na kila tuta mgongo wangu unataja jina la mama yangu.

Kwenye tuta la mwisho Mudi kazinduka. Kafikicha macho, kaangalia abiria mmoja mmoja, kaangalia miti inayokwenda nyuma, kisha kanivuta sikio.

"Baba, kwa kima tunafika saa ngapi?"